Taruma la Tatu

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ukiona karatasi hii imelowa pembeni usidhani nimelia, ni barafu. Posta yetu imefungwa tangu karani wake astaafu, na barua sasa anazibeba dereva wa gari la barafu. Anafika Jumatano na mabonge yake, anaondoka Ijumaa na samaki. Ameapa atakufikishia mpaka mlango wa ofisi, na mimi nimemwambia akichelewa mama atamwombea dua mbaya.

Hatujambo sote. Mama mzima, ni magoti tu yanayomkumbusha umri akipanda ngazi. Wifi yako anakusalimu sana. Binti yako ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa kila akisema "samaki" anapiga mluzi bila kutaka, nasi tunamsemesha neno hilo kutwa nzima kwa makusudi. Anasema atakushtakia wewe shangazi yake.

Mwaka huu ziwa lina ukungu wa ajabu. Unatua alfajiri na hauondoki hadi saa nne. Watu ufukweni wanajuana kwa kikohozi. Juzi nilisimama ndani yake na kopo langu la rangi nikasahau kwa muda kama nilikuwa naenda karakana au natoka. Mama naye ukungu umemwingia usingizini. Ameota mashua ya baba, Mia Mbili na Saba, imekuja nyumbani yenyewe, ikaingiza pua mlangoni, ikakwama hapo, haiingii haitoki. Ati ilikuwa na haya, kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Nimemwambia apunguze kulala mchana.

Sasa lililonikalisha niandike. Kwenye ubao wa soko la samaki wamebandika tangazo lenye mhuri wa idara yenu. Linasema ziwa limechoka, na daftari la vyombo limefungwa. Mita zote za vyombo vyote zimejumlishwa, na jumla hiyo haitaongezeka hata shubiri. Kila chombo kitapimwa upya kabla ya mwisho wa Julai. Kikizidi urefu ulioandikwa daftarini, leseni inafutwa na hairudi tena.

Leseni tuliyo nayo ni hiyo moja ya mashua ya baba, na inalisha nyumba tatu: yetu, ya mshika usukani, na ya mvuta nyavu. Watu hapa wananipongeza eti nimezaliwa na bahati, dada yangu ndiye anayeshika daftari lenyewe. Basi niambie, mwenye daftari, niandae nini?

Mdogo wako,
Fundi


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka samaki, nikaiacha juu ya meza siku nzima kwa ajili ya harufu hiyo. Mwenzangu wa meza ya pili alifungua dirisha.

Mpe mama pole ya magoti, amwambie wifi amkande kwa maji ya moto. Mbusu binti yangu kwenye hayo mapengo. Mimi sijambo. Chumba changu cha kupanga ni kilekile, mlango mmoja, dirisha moja, na mpangaji wa jirani anayejifunza kinanda na ambaye tangu mwaka juzi amefika wimbo wa pili.

Unaniita mwenye daftari kama vile ni kiti cha enzi. Ngoja nikueleze. Ni chumba namba sita, ghorofa ya pili. Dirisha linatazama ukuta. Rafu zimejaa madaftari ya majalada ya kitambaa, na kazi yangu ni kuhamisha kila chombo kutoka daftari la zamani kwenda kadi mpya: namba, mwenyewe, urefu, mwaka. Baada ya chakula cha mchana jua hupiga ule ukuta wa mbele na mwanga wake ukarudi chumbani umelegea, vumbi likawa linaelea, na mimi nikisoma namba moja baada ya nyingine naanza kuona mashua zenyewe. Zinapita mezani polepole, pua mbele, hazina watu. Wiki iliyopita niliinua kikombe changu cha chai ili moja ipite. Ucheke tu.

Kwa habari ya mashua, usiwe na haraka. Mpimaji akija upande wenu, jiandikishe mwisho. Na kama utanisikiliza mimi dada yako, fikiria kuirudisha leseni kwa hiari kabla ya kupimwa. Wanaorudisha kwa hiari wanapewa kazi kwenye karakana ya idara, kutengeneza boti za doria. Wewe ni fundi, mikono yako italia njaa wapi? Mashua imezeeka. Hata baba angeipumzisha.

Usiniulize zaidi kwa sasa. Nina kadi mia tatu hazijaandikwa.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, wote wazima, meno ya binti yako yameanza kuchungulia. Nimeanza na salamu kwa sababu tulifunzwa hivyo, lakini moyo wangu una kinyongo na nitakisema.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani ni ya mtu mwingine. Tangu lini wewe ukawa serikali na sisi raia? Nakuuliza niandae nini, unaniambia nisalimu amri. Mimi nikatengeneze boti za kuwakimbiza wenzangu? Mshika usukani ana watoto watano. Nimwambie dada yangu amesema mashua imezeeka? Mashua haina ufa. Niliikalafati mwenyewe mwaka jana, nikaziba kila mwanya, nikabadilisha mbao sita na mataruma mawili, mbavu za mashua, na kila aliyeingiza mkono ndani akizipapasa hizo mbavu alinisifu.

Mpimaji ameshafika ufukwe wa pili. Ni mzee mwembamba, anatembea na tepu ya kupimia shingoni kama fundi cherehani. Anasimama tezi, nyuma kabisa, na mtu mwingine anashika ncha ya tepu kule mbele puani. Wanaivuta, anasoma, anaandika, basi. Yule jirani yetu mwenye mashua ya kijani alizidi kwa kiganja kimoja. Kiganja, dada. Leseni yake ilikatwa pembe mbele ya watu, na yeye akakunja mikono akawa anatazama ukungu kama anayesubiri gari.

Nikaenda nikaipima yetu, mimi na wifi yako. Mita tisa na nusu kamili. Karatasi yetu ya leseni ina namba na jina la baba tu, urefu uko kwenu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja kidogo. Fungua hilo daftari, tazama Mia Mbili na Saba, uniandikie kwamba imeandikwa tisa na nusu. Namba tu, hata bila salamu. Nikishaiona nitakaa kimya.

Mdogo wako


2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Wiki sita. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nasubiri mshindo, sasa nimeacha.

Lile swali langu la namba, usijisumbue nalo. Nilikuwa na hasira, na hasira ni hasara. Mama aliniona nimekaa na barua yako ya Februari, tukazungumza kidogo. Hayo mengine ya kwake siyaandiki.

Mashua nimeipandisha juu ya magogo nyuma ya karakana. Ninaikarabati. Mvuta nyavu ananisaidia, na mama analetewa kiti anakaa katikati ya maranda akidai harufu ya mbao inamtibu magoti. Mchana ukungu ukichelewa kuondoka, tunafanya kazi tukiwa hatuoni mwisho wa mashua, na wakati mwingine naona kama haina mwisho.

Kula vizuri. Usiwe unasahau chakula kwa ajili ya makadi.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe. Barua yako ya Machi ninayo tangu mwanzo wa Aprili. Hii ya Mei imefika jana. Nimeshika kalamu mara nyingi kuliko unavyodhani. Niliandika "Mama hajambo?" nikachana. Niliandika namba peke yake kama ulivyotaka, nikachana nayo.

Namba ni nane.

Sasa nikusimulie, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe ulikuwa hujazaliwa. Idara ilikuja kwa mara ya kwanza kupima mashua zote na kuzipa namba. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu kama huo unaoniandikia. Baba aliniamsha akaniambia leo wewe ndiye utakayeshika ncha ya tepu. Nilivaa viatu vya shule kwa fahari. Akaniinua akaniweka ndani ya mashua, lakini hakunipeleka mpaka puani. Alinikalisha kwenye taruma la tatu, akanirundikia wavu mpaka kifuani, akaniambia, "Shika hapa. Usisogee, usicheke." Nyuma ya mgongo wangu, kuelekea pua, ilibaki mita moja na nusu ya mashua ndani ya ukungu. Mpimaji alikuwa huko tezi, alinisikia tu. Akauliza, "Umefika mwisho, binti?" Nikajibu nimefika.

Ndilo neno la kwanza nililowahi kuiambia serikali.

Baba hakunieleza kwa nini. Nilipokua nikadhani alikuwa anakwepa ada. Hatukulisema tena, hata siku anaumwa mara ya mwisho, ingawa aliushika mkono wangu huu wa kulia akaukunja kidole kimoja kimoja kama anayefunga kitu ndani. Na mimi katika dunia nzima nikaja kupangiwa chumba namba sita. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mwaka nafungua ukurasa ule, nakuta 8.00 kwa mwandiko wa mtu aliyeniamini.

Utasema, una kalamu, andika tisa na nusu. Nimekaa na hiyo kalamu. Lakini chini ya kila ukurasa kuna jumla, na chini ya jumla zote kuna jumla kuu, na hiyo imefungwa. Nikiongeza mita moja na nusu kwetu, lazima niitoe kwenye mashua ya mtu. Nimejaribu kuchagua. Nilipitisha kidole kwenye majina, na kila jina lilikuwa na mtu anayepiga kasia kuelekea nyumbani. Niliona hata yule wa mashua ya kijani, ambaye hakunisubiri nimchague.

Ndiyo maana nilikuambia urudishe. Nilitaka ipotee kwa heshima, bila mtu kukunja mikono mbele ya watu. Na nilitaka usijue.

Jumatatu nitaingia kwa mkubwa wa idara nimwambie yote. Siwezi tena kuandika kadi za watu wengine mkono huu ukiwa bado umeshika ile ncha. Najua ninachokunyang'anya. Kama hutaniandikia tena nitaelewa.

Dada yako


19 Juni

Mdogo wangu,

Sijui kama barua ya Mei ilikufikia. Dereva wa barafu haonekani, wanasema gari limevunjika ekseli njiani. Hii nampa kaka yake mwenye lori la mbao. Salamu kwa mama, kwa wifi, kwa binti yangu na meno yake mapya.

Nilikwenda. Mkubwa alikuwa anamenya chungwa. Alisikiliza mpaka mwisho, ganda likiwa refu linaning'inia, halikukatika. Akauliza, "Miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyegundua?" Nikasema hakuna aliyepima tena. Akaandika barua kwa mpimaji aitafute Mia Mbili na Saba kwa namba, aipime kwa uangalifu. Mimi nimeondolewa chumba namba sita hadi majibu yarudi. Sasa niko stoo, nahesabu makoti ya mvua ya watu wa doria.

Huku stoo hakuna dirisha. Makoti yananing'inia katika safu, marefu, yana kofia, na nikizima taa jioni naona kama ni wenye mashua zote zilizokuwa zinapita mezani kwangu, wamepanda nchi kavu wananisubiri niseme kitu. Nawaaga, natoka.

Andika hata matusi. Nitajua mkono ni wako.

Dada yako


8 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mama mzima, sote wazima, na matusi sina.

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ya Mei na ya Juni, moja ndani ya barafu na nyingine ndani ya mbao. Siku mbili baadaye akafika mpimaji. Kwa hiyo kaa kitako, nami nianze nyuma.

Mwaka jana nilipokuwa nabadilisha mataruma nilikuta kwenye la tatu kovu dogo la kisu, limechongwa kwa makusudi, mahali ambapo hakuna kazi ya kovu. Nikaliacha. Ulipokaa kimya juu ya ile namba, likanirudia. Nikamuuliza mama. Mama akacheka, dada, akacheka mpaka akashika goti. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya baba yako imefika mbali."

Ada haikuwamo. Wakati ule chombo kilichozidi mita nane kilipangiwa maji ya mbali, siku tatu tatu bila kurudi. Mama alikuwa na mimba. Mbili zilizokufuata wewe zilikuwa zimetoka baba akiwa majini. Baba akasema hii ya tatu haitatoka yeye hayupo. Akaenda na kisu akaweka alama pa kukukalisha, na baada ya hapo alirudi nyumbani kila siku, miezi yote, mpaka nikazaliwa. Kwa hiyo ile mita moja na nusu uliyoifunika na wavu ni mimi. Umekaa miaka yote unadhani uliiibia serikali, kumbe ulikuwa umenikalia.

Nililia kidogo. Wifi yako akaleta kikombe cha chai akakiweka karibu akaenda zake.

Halafu nikachukua msumeno. Jumla imefungwa, sawa, basi na sisi tuingie ndani yake. Nilikata pua ya mashua nyuma kidogo tu ya mwisho wa mita nane, nikalitoa na taruma lenyewe lote. Nikachonga pua mpya, fupi. Miezi miwili. Mshika usukani alisema nimeigeuza mbuzi aliyenyolewa ndevu. Na ni kweli haipendi mawimbi kama zamani, inayapiga kwa kifua, na samaki tutabeba wachache. Lakini inakwenda.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka ukiulizwa uape hujui. Sikujua kwamba wewe uko huko unajiuliza mwenyewe.

Basi mpimaji akaja, barua ya mkubwa wenu mkononi. Akamwita binti yako ashike ncha, nami nikamweka puani kabisa, vidole vikitokeza nje. Akapima. Akasoma barua. Akapima tena. Mara ya tatu alikuja mbele mwenyewe akapapasa mbao mpya.

"Pua hii ni ya juzi," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nimeikata."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa ndefu."

Akanitazama, akatazama ukungu, akasema fomu yake ina nafasi ya urefu wa leo tu, haina nafasi ya hadithi. Akaandika 8.00. Alipokuwa anakunja tepu akamgeukia mama: "Huyo binti yako wa mjini, ni mzima kweli?"

Mama akamjibu, "Ni mzima kuliko hiyo tepu yako."

Leseni tunayo. Ile pua ya zamani sikuweza kuichoma. Dereva wa barafu gari lake limepona, nimempakia aje nayo kwako.

Mdogo wako,
yule wa mita moja na nusu


30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena.

Fomu ya mpimaji ilifika hapa kabla ya barua yako. Siku tisa kabla. Mkubwa aliniita akanisomea, mita nane kamili, imepimwa mara tatu. Akaniuliza kwa upole, "Sasa wewe ulikuja kuniambia nini?" Nikasema niliyomwambia yalikuwa kweli siku nilipomwambia. Akanionea huruma. Akaandika wiki tatu za mapumziko na kushauri nilale.

Nikalala. Siku hizo tisa sijui nikueleze vipi. Nilikuwa najua kwamba daftari, tepu, na mashua vyote vimekubaliana, na asiyekubaliana navyo ni mimi peke yangu. Nikaanza kufikiri labda niliota. Labda hapakuwa na ukungu, wala wavu, wala viatu vya shule, na baba hakuwahi kuninyanyua. Nikalala na kuamka mchana bila kujua niko upande gani, jirani akipiga wimbo wake wa pili, nami nikawa siogopi tena kupoteza kazi. Niliogopa kumpoteza baba, maana asubuhi ile ndiyo ninayomkumbukia zaidi.

Jana saa nane mchana mlango ukagongwa kwa kitu kizito. Dereva wa barafu na wenzake wawili. Hawakuuliza, waliisukuma tu. Ncha ikaingia, mapana yakakataa. Wakajaribu kwa ubavu, ikakwama hapo, nusu kitandani kwangu na nusu ukumbini, haiingii haitoki. Mwambie mama ndoto yake imefika, ilikosea nyumba tu. Wapangaji wanapita wakiinamisha vichwa na kusema samahani, na jirani wa kinanda ameacha kupiga kuja kuishangaa.

Walipoondoka nikasoma barua yako nimekaa humo ndani. Imekauka, lakini kwenye nyufa bado kuna magamba ya samaki. Nikapapasa mbavu, moja, mbili, tatu. Kovu lipo. Nikaweka kidole gumba pale kilipobana tepu siku ile, nacho kimekua, hakiingii tena.

Nililia, mdogo wangu, kwa sauti, mlango ukiwa hauwezi kufungwa. Nililia kwa furaha kwamba hukutoka. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja kuuliza kuna msiba gani, nikamwambia hakuna msiba, amezaliwa ndugu yangu.

Nilichukua tepu ya kushonea. Hapakuwa na wa kunishikia, nikafunga ncha kwenye mguu wa kitanda. Kutoka kovu hadi mwisho wa pua ni mita moja na nusu, haipungui.

Ofisini sijui nitarudishiwa chumba namba sita. Mwenzangu ananiambia ninyamaze, nimshukuru Mungu. Nitanyamaza, lakini kwenye kadi yetu, siku nikiishika tena, nitaandika 8.00 kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimebakiwa na karibu wiki mbili za mapumziko. Dereva amekubali kunichukua, nikae mbele naye, na ameniambia nivae sweta. Nitafika Jumatano pamoja na barafu. Mama asipande ngazi kunipokea. Binti yangu aje na tepu ufukweni, ashike tezi yeye, mimi niende mbele. Nataka kusimama pale inapoishia mashua kweli, niulizwe kama nimefika mwisho.

Dada yako